Kabla ya daraja: watu wasio na majina wa Kivukoni, na somo lao kwa wewe uliyepanga chumba mjini

Ukisikia neno Kivukoni, akili ya mtu wa Dar inakimbilia Feri, pantoni la Kigamboni na harufu ya samaki. Leo siyo huko. Nazungumzia Kivukoni ya Ulanga, mkoani Morogoro. Ukitoka Ifakara, iko ng'ambo ya Mto Kilombero.

Siku hizi ukipanda basi Ifakara kwenda Mahenge, mto unauvuka kwa sekunde chache tu. Daraja lina mita 384, na abiria wengi hata hawainui macho kwenye simu. Ukiuliza "tumeshavuka?", jirani yako anakuambia kitambo.

Zamani isiyo ya mbali sana, hapo hapo ndipo safari yote ilipokuwa inasimama. Ungeshuka, ungesubiri, ungeangalia maji, ungeomba Mungu.

Sasa angalia jambo hili. Daraja lina jina la rais. Vivuko vilikuwa na majina yao yameandikwa ubavuni. Lakini yule jamaa aliyesimama kwenye mtumbwi na pondo mkononi, akiwavusha wajawazito, magunia na maiti, hana jina popote. Yule mama aliyejua mbegu ziwekwe wapi ili mafuriko yasizifikie, naye hana. Makala hii ni ya hao.

Na kabla hujasema "aah, historia tena", subiri kidogo. Hao watu walikuwa na kitu ambacho wengi wetu tuliopanga mjini hatuna: mpango wa janga ndani ya nyumba, kabla janga lenyewe halijapiga hodi.

Mto wenye chumba chake

Tuanze na mto, maana bila kuuelewa huwezi kuwaelewa watu wake.

Bonde la Kilombero limelala kati ya Milima ya Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande mwingine. Mvua ikinyesha juu huko, maji yote yanashuka kwenye tambarare moja pana. Kila mwaka kwenye masika, hasa Machi na Aprili, mto unatoka kwenye kingo zake na kutandaa. Maji yakishuka yanaacha tope zuri, na tope hilo ndilo linalotupa ule mchele wa Ifakara unaousifia kwenye pilau.

Si mto mdogo huu. Karibu theluthi mbili ya maji ya Rufiji yanatoka Kilombero. Maana yake umeme wa Bwawa la Nyerere, huo unaochajia simu yako, una deni kubwa kwa hili bonde. Mwaka 2002 eneo hili likaingizwa kwenye orodha ya Ramsar, yaani ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Kwa watu wa Kivukoni mafuriko hayakuwa ajali. Yalikuwa kama mpangaji mwenye chumba chake: unajua anarudi lini, ila hujui safari hii anakuja na mizigo mingapi. Mwaka mmoja maji yanaishia shambani. Mwaka mwingine yanaingia mpaka jikoni. Kwa hiyo swali la kila nyumba halikuwa "yatakuja?" Lilikuwa "yakija makubwa, sisi tuko wapi?"

Jibu lao lilikuwa na vitu vitatu. Hakuna hata kimoja kilichonunuliwa siku maji yanapoingia.

Kitu cha kwanza: mtumbwi

Wandamba, ambao ni wavuvi na watu wa maji wa bonde hili, walijulikana kwa mitumbwi ya kuchongwa kwenye gogo moja. Kwa jirani zao wa milimani mtumbwi ungeweza kuonekana kama chombo cha kazi tu. Kwa mtu wa bondeni ulikuwa barabara, gari la mizigo, gari la wagonjwa, na siku ikiharibika, ndiyo njia ya kutoka.

Sasa, mtumbwi hauchongwi kwa dharura. Lazima upate mti mkubwa wa kufaa, uuangushe, uuchonge, uuburuze mpaka majini. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi, na inafanywa wakati jua linawaka na mto umetulia, wakati ambao mtu mvivu anaona hakuna haraka. Ndiyo maana nasema mtumbwi ni uamuzi wa kiangazi.

Wakati wa Mwingereza hapo kukatokea mvutano. Mwanahistoria wa Marekani, Jamie Monson, ameandika kuhusu uchongaji wa mitumbwi Kilombero kati ya 1920 na 1940, na ukisoma unacheka huku unasikitika. Serikali ilikuwa moja, lakini ina mikono miwili inayovutana. Mtu wa misitu anataka miti ibaki imesimama. Mtu wa chakula anataka mchele wa bonde ufike sokoni, na mchele wa bonde unasafiri kwa mtumbwi, na mtumbwi unatoka kwenye mti. Kati ya hao wawili amesimama fundi wa kuchonga na shoka lake, hajui amsikilize nani.

Kwenye mvutano ule, ofisini waliongea habari ya miti na magunia. Kwa mwenye nyumba kulikuwa na hesabu nyingine kabisa: mtumbwi mmoja pungufu ni familia moja zaidi isiyo na pa kutokea maji yakipanda. Hesabu hiyo haikuwa na safu kwenye vitabu vya serikali.

Kitu cha pili: dungu, na kuwa na kwenu kuwili

Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, kule shambani. Msimu wa mpunga ukifika, familia nyingi za bondeni zilikuwa zinahama (na zipo zinazohama mpaka leo) kutoka kijijini kwenda shamba, zikae huko miezi kadhaa. Wanalinda mpunga na ndege, na nguruwe pori, na kila mwenye mdomo. Nyumba ya kijijini inabaki kwenye sehemu ya juu kidogo. Shambani kunabaki dungu.

Ukiangalia haraka unaona ni habari ya kilimo tu. Angalia tena. Familia hiyo ina sehemu mbili za kulala. Ikiharibika huku, kuna kule. Sakafu iko juu, maji yakipita chini watu na chakula hawalowi. Gunia halikai chini. Mbegu ya mwaka kesho haiwekwi sehemu moja na chakula cha mwaka huu, maana njaa inaweza kukufanya ule mpaka kesho yako.

Nani alikuwa anasimamia hayo? Kwa sehemu kubwa, akina mama. Hesabu ya kiasi gani kibaki, kipi kipande juu, mtoto gani abaki kijijini na bibi, ilikuwa yao. Kwenye ripoti za wakubwa wa zamani utakuta majina ya machifu na mabwana shauri. Majina ya akina mama walioweka akiba iliyoivusha familia mpaka mavuno, usitafute sana.

Serikali tatu tofauti zilijaribu kuwapanga watu hawa upya. Mjerumani alikuja na boma lake Mahenge, ikapigwa Vita ya Maji Maji kuanzia 1905, na kilichofuata ilikuwa njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Mwingereza naye miaka ya 1940 akawakusanya watu wa Ulanga kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Baada ya uhuru ikaja Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, watu wakahamishiwa kando ya barabara.

Kule chini Rufiji, ambako maji haya haya ya Kilombero yanaishia, mafuriko ya 1968 yalifuatiwa na operesheni ya kuhamisha watu kutoka bondeni kwenda sehemu za juu. Nia ilikuwa nzuri, wasife maji. Lakini chakula kilibaki kule kule bondeni. Ikawaje? Watu walikubali nyumba ya juu, halafu msimu ukifika wakarudi bondeni kwenye madungu yao.

Wapo waliowaita wabishi. Mimi naona walikuwa wanafanya hesabu. Mkubwa alikuwa anauliza "watu wakae wapi?" Wao walikuwa wanauliza "tukae wapi mwezi upi?" Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa, wadau.

Kitu cha tatu: chandarua

Hapa nisikudanganye kwa kukupambia zamani. Maisha ya dungu yalikuwa na bei. Kule shambani zahanati iko mbali, shule iko mbali, na mbu wapo kama wamealikwa harusi. Mafuriko yanapita, maji yanabaki kwenye madimbwi, na malaria inafanya kazi ambayo mto haukuimaliza. Watoto wengi wa bonde hili hawakuondoka na maji. Waliondoka na homa, wiki kadhaa baada ya maji.

Ifakara ina historia yake kwenye vita hiyo. Mwaka 1949 alifika mtafiti wa Uswisi, Rudolf Geigy, na mwaka 1957 ikaanzishwa maabara pale Ifakara. Huo ndio mzizi wa taasisi tunayoiita leo Ifakara Health Institute. Jina la Geigy lipo vitabuni. Wale waliombebea mizigo, waliomwonyesha njia za maji, waliokubali kutobolewa vidole ili damu ipimwe? Unajua jibu.

Halafu miaka ya 1990 kikaja kitu kilichobadilisha nyumba kabisa. Mradi ulioitwa KINET ulianza kusambaza vyandarua vyenye dawa kwenye wilaya za Kilombero na Ulanga, kwa kuviuza kwa bei nafuu kupitia maduka na mawakala wa vijijini. Chapa yake iliitwa Zuia Mbu. Wajawazito na mama wenye watoto wadogo wakawa wanapewa hati za punguzo. Wazo hilo baadaye likawa mpango wa nchi nzima. Kama mama yako alikwenda kliniki na Hati Punguzo, ujue kwamba wazo lilijaribiwa kwanza huku.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: vyandarua vile viliongeza kwa asilimia 27 uwezekano wa watoto wa chini ya miaka mitano, kuanzia umri wa mwezi mmoja, kubaki hai. Asilimia 27 kwa kipande cha kitambaa! Watafiti waliokuja kuwafuatilia wakulima mpaka mashambani walikuta familia zinahama na vyandarua vyao, na huko zinavitumia vizuri kuliko hata kijijini.

Umeona kilichotokea? Kitu kipya kiliingia kwenye mpango wa zamani na kikakaa. Mama hakuambiwa "acha maisha yako ya kuhama". Alipewa kitu kinachokunjika, kinachoingia kwenye mtumbwi, kinachofungwa kwenye nguzo za dungu. Akakiongeza kwenye orodha yake.

Halafu likaja daraja

Kwa miaka mingi aliyetaka kuvuka na gari pale Kivukoni alitegemea pantoni. Mto ukijaa, safari imekufa. Mgonjwa wa Ulanga aliyeandikiwa kwenda hospitali Ifakara anaangalia ng'ambo, anaiona, hafiki.

Januari 2016, usiku, katikati ya mvua na upepo mkali, kivuko cha MV Kilombero II kilizama kikiwa na abiria na magari. Watu wengi waliokolewa. Aliyekuwa anasema daraja ni anasa alinyamaza usiku huo.

Daraja lilikuwa linajengwa tayari, na Mei 2018 Rais John Magufuli akalizindua rasmi, likapewa jina lake. Sherehe ilikuwa halali kabisa. Mama mwenye uchungu sasa anavuka saa nane za usiku bila kumwamsha mtu wa kivuko. Yeyote anayekuambia zamani ilikuwa bora, mwulize alishawahi kusubiri pantoni na mgonjwa.

Lakini daraja lilifanya na kitu kingine, polepole, bila mtu kugundua. Lilitufanya tudhani mto umeisha. Barabara ikiwa nzuri watu wanajenga karibu nayo. Tofali linaonekana ndiyo maendeleo, dungu linaonekana ni umaskini. Mtumbwi unaoza, mtoto wa mjini hajui kushika pondo. Nani atamlaumu? Daraja lipo.

Ila daraja linapita juu ya mto. Haliuzuii mto kuingia sebuleni kwako.

Masika ya 2024 yalitukumbusha. Mvua za El Niño zilipiga nchi nzima. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa, na kaya zaidi ya 51,000 na watu zaidi ya 200,000 wameathirika. Rufiji ilifunikwa. Ifakara na vijiji vya bondeni navyo viliingiliwa na maji, na kwenye nyumba za kisasa za chini, magodoro, vyeti na magunia vyote vilikuwa sakafuni. Wahenga walishasema, maji hufuata mkondo. Mkondo wenyewe tulikuwa tumeshajenga juu yake.

Sasa wewe wa geto

Usicheke watu wa Kilombero. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata mafuriko yaliyoua watu takriban 40, na serikali ikawahamishia Mabwepande wengi waliokuwa wanaishi mabondeni. Sisi nasi tunarudi bondeni, tofauti ni kwamba tunarudi bila dungu.

Sikwambii ukachonge mtumbwi Tandale. Nakwambia uchukue vile vitatu uvitafsiri.

Mtumbwi ni njia ya kutoka. Umeshawahi kutembea, kwa miguu, kutoka kwako mpaka sehemu ya juu iliyo karibu, ukijua njia ipi haipiti kwenye mtaro? Fanya siku ya jua. Na weka nauli pembeni, taslimu, maana mtandao wa simu ukizima pesa yako ya kwenye simu ni picha tu.

Dungu ni sehemu ya pili na kila kitu juu. Ongea mapema na ndugu au rafiki anayeishi mlimani: "Mvua zikizidi nakuja kwako siku mbili, na wewe ukipata shida unakuja kwangu." Maongezi ya dakika tano tu, lakini usiku wa manane simu inapokelewa tofauti. Vyeti, kitambulisho cha NIDA, kadi ya kliniki ya mtoto na dawa za bibi viwe kwenye mfuko mmoja wa nailoni, juu ya kabati, kila mtu wa nyumbani akijua uko wapi. Unga na mchele visilale sakafuni.

Chandarua ni yale yanayokuja baada ya maji. Maji safi ya kunywa yaliyofunikwa, chandarua chenyewe, na akili ya kumpeleka mtoto mwenye homa zahanati siku ile ile.

Na jifunze lugha ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakisema "angalizo", kaa macho. Wakisema "tahadhari", panga mfuko. Wakisema "tahadhari kubwa", usisubiri kuona kwa macho. Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi ni 112. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati za maafa mpaka ngazi ya chini, kwa hiyo una haki ya kumuuliza mwenyekiti wako wa mtaa: kamati yetu ni akina nani, na tukihama tunakwenda wapi?

Ukimuuliza maji yameshafika magotini, umechelewa. Watu wa Kivukoni wa zamani hawakuwa na satelaiti, hawakuwa na bando, na wengine walikufa pamoja na kujipanga kwao. Lakini hawakungoja maji ndipo waanze kufikiri. Walifikiri wakati wa jua, wakiwa wameshiba, wakiwa na muda. Kama kuna siri, ni hiyo tu.

Leo jioni mpigie bibi au babu yako, yeyote aliyekulia karibu na mto au ziwa. Muulize: "Zamani maji yakija, mlikuwa mnabeba nini kwanza?" Usimkatize. Halafu njoo utuandikie hapa chini alichokujibu, na kama yeye ameridhia, mtaje na jina. Majina ya watu wa namna hiyo tumeshapoteza ya kutosha.